Kichaka cha Maua Meupe Mlimani Elgon

SWALI: Tulipanda Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim, tukielekea kilele cha Koitobos. Tulipouacha msitu nyuma, tulikuta vichaka vinavyofika magotini, vyenye majani membamba kama sindano na maua meupe madogo mno. Mwenzangu alishikilia kuwa ni miche ya mwerezi. Je, ni mmea gani huo? (Msomaji, Kitale)

JIBU: Mwenzako ana sababu ya kuchanganyikiwa, kwa kuwa mche wa mwerezi nao huwa na majani yaliyochongoka yanayochipuka matatumatatu kuzunguka kitawi. Hata hivyo, mwerezi hauchanui maua, nayo majani ya mche wake hudunga kidole.

Kwa maelezo yako, mliouona ni Erica arborea, mmea wa asili wa milima yetu mirefu, ambao humea pia Ethiopia na katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania. Ua lake lina umbo la kengele, lina urefu wa milimita 3 hivi, na ukingo wake umegawanyika mara nne. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona stameni 8, yaani sehemu za kiume za ua, zenye vichwa vya rangi ya kahawia. Vitawi vichanga vina vinyweleo vingi, na baadhi yavyo vimegawanyika kama matawi ya mti, dalili ambayo mimi huiamini kuliko rangi ya ua. Jamaa yake wa karibu, Erica trimera, humea pia Elgon, lakini maua yake si meupe wala hayavutii macho.

Kimo kisikudanganye. Mmea huu ukiachwa kwa amani huwa mti wa mita kadhaa, wenye shina lililopindapinda na kuning'inia ndevu za kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Moto unapopita, matawi huteketea, lakini sehemu iliyovimba kati ya shina na mizizi hubaki hai ardhini na kuchipua upya. Basi huenda kichaka mlichokiruka kwa hatua moja kina umri mkubwa kuliko wenu nyote wawili, na ndiyo maana inasikitisha kuona mtu aking'oa kile anachodhani ni mche tu.

Mkirudi, msichume chochote, kwani hiyo ni hifadhi ya taifa. Pigeni picha tatu za karibu: ua, kitawi kichanga na sehemu ya chini ya shina.