Video za Kiingereza kwa kidato cha kwanza

Mwalimu mwenzangu wa Wete, umeuliza ufanyeje na video za sayansi za Kiingereza ilhali wanafunzi wako bado wanafikiri kwa Kiswahili. Zitumie, ila zima sauti kwanza. Waoneshe moyo unavyosukuma damu, dakika mbili tu, kisha waeleze wenyewe kwa Kiswahili walichokiona. Hapo utajua nani kaelewa na nani anakariri. Ndipo uandike ubaoni maneno machache ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye mtihani, urudie video kwa sauti. Projekta si lazima (ya skuli kwetu hulala kabatini). Simu moja kwa kila kundi inatosha. Pakua video nyumbani, usitegemee bando darasani. Mkaguzi akiuliza kwa nini unachanganya lugha, mpe madaftari ya watoto ayasome.