Usimngoje Brian May

Nimekulia kwenye nyumba ya muziki wa dansi, na kwetu "solo" ni gita. Kuna solo, kuna ridhimu, kuna besi. Kwa hiyo nilipoambiwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, ana albamu ya solo, nikajua ni magita mwanzo mwisho. Queen walikuwa wamenikolea wakati ule. Kaseti zao mbili nilizisikiliza hadi redio ikaanza kula mkanda, nikawa naurudisha kwa kalamu. Nikajichanga, nikamwagiza binamu yangu aliyekuwa akienda Ulaya aniletee *Mr. Bad Guy*.

Ikaja. Nikaiweka, nikakaa chini. Kinanda. Kinanda tena. Mapigo ya disko. Nikamngoja Brian May, mpiga gita wa Queen, aingie na lile gita lake alilolichonga na baba yake kwa mbao za meko kuukuu. Wapi! Upande wa kwanza ukaisha hajaingia. Wiki hiyohiyo nikabadilishana na jirani kwa kaseti nyingine, ambayo leo hata sikumbuki ilikuwa ya nani.

Kumbe "solo" hiyo ni kazi ya mtu peke yake, bila bendi yake. Ningesoma jalada nisingehangaika. Hili ndilo la kwanza nakushauri ukipata albamu ya mtu mmoja aliyetoka kwenye bendi: soma majina kabla hujabonyeza chochote. Pale ngoma anapiga Curt Cress, besi Stephan Wissnet, gita Paul Vincent, vinanda Fred Mandel akisaidiana na Freddie mwenyewe. Si Queen hao. Mtayarishaji mwenza ni Reinhold Mack, na kazi ilifanyika studio ya Musicland mjini Munich, mji ambao Freddie alikuwa akikesha kwenye madisko yake. Sasa unategemea atoke na nini? Kwenye shukrani anawashukuru wenzake wa Queen, Brian, Roger na John, kwa kutoingilia. Albamu yenyewe kaitunuku kwa paka wake, Jerry. Mtu anayemtunuku paka kazi ya karibu miaka miwili anakwambia mapema kwamba humu ndani hapangiwi na mtu.

Na hapo ndipo utamu ulipo, na udhaifu pia. Queen wote wanne walikuwa watunzi. Wimbo ukiingia kwao ulipita kwenye macho ya wote wanne, kila mmoja akikata hapa na kuongeza pale, na ugomvi juu. Peke yake, Freddie aliondoa chekecheo. Ndiyo maana kuna wimbo wenye mdundo wa rege, kuna mwingine umejazwa okestra nzima, na kuna nyimbo mbili tatu za mapenzi ambazo kwa masikio yangu zimezidi sukari. Angekuwapo wa kumwambia "punguza", angepunguza. Lakini vilevile angekuwapo, tusingesikia alichokuwa nacho kichwani kabla wenzake hawajakigusa.

Kilichonifungua macho ni wimbo mmoja, "I Was Born to Love You". Kwenye albamu ya 1985 ni wa kuchezea, unakwenda mbio juu ya vinanda vya enzi ile. Freddie alifariki Novemba 1991, na wenzake watatu wakaichukua sauti yake ileile, wakaipigia muziki mpya kwa ajili ya albamu ya Queen iliyotoka 1995. Siku nilipousikia huo wa pili niliruka kitini: Brian May ndiye huyo, kaingia hatimaye, amechelewa miaka kumi! Fanya hivi nawe: sikiliza huo wa 1995, halafu palepale urudi ule wa 1985. Sauti ni ya mtu yuleyule, maneno yaleyale. Kila kinachobadilika ni mchango wa wale watatu. Mimi nilikuwa nikiwasikiliza Queen miaka yote hiyo bila kujua Roger Taylor, mpiga ngoma wao, anafanya nini hasa hadi nilipousikia wimbo huo bila yeye.

Usiogope mauzo wala usiyaamini sana. Uingereza albamu ilifika nafasi ya 6, Marekani ikapita kimyakimya. "Living on My Own", uliotoka humo na kupuuzwa, ulitengenezwa upya ukashika namba moja Uingereza mwaka 1993, mwenyewe hayupo.

Na kutoka peke yake si talaka. Albamu ilitoka Aprili 1985. Julai 13 Freddie alikuwa jukwaani Wembley, London, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, na wale watatu nyuma yake. Roger alikuwa ameshatoa yake tangu 1981, na bendi haikufa. (Sisi huku tunamdai Freddie kwa kuwa alizaliwa Unguja mwaka 1946, nami namdai pia, ingawa familia yake iliondoka 1964.)

Baada ya kuusikia ule wa 1995 nilimfuata jirani, nikamwomba anirudishie kaseti yangu hata kwa pesa. Akaitafuta, akaipata. Vile vitundu vya juu vinavyozuia kaseti isirekodiwe tena alikuwa ameviziba kwa karatasi na gundi ili arekodie taarabu ya harusi ya dada yake. Nikaisikiliza yote. Mwishoni kabisa, vigelegele vilipokwisha, Freddie akasikika sekunde kama kumi hivi, kisha mkanda ukaisha.