Kabla hujampasua chura

Wadogo zangu mnaoanza kutafuta minyoo ndani ya vyura, sikieni kosa langu la kwanza. Vyura tisa wa kinamasi cha karibu na Entebbe niliwapasua asubuhi moja, viungo vyote nikavimwaga kwenye sahani moja ili nimalize mapema. Minyoo niliwapata, tele. Msimamizi akauliza: huyu katoka pafuni au kibofuni? Kimya.

Mahali alipokaa mnyoo ni nusu ya jina lake. Kila kiungo sahani yake. Mnyoo duara wa pafuni, mwenye utumbo mweusi kwa damu aliyoinywa, yaelekea ni Rhabdias. Mabuu yake huishi udongoni na kumwingia chura kupitia ngozi. Kwenye kibofu cha mkojo mtafute Polystoma, mnyoo bapa mwenye vikombe sita vya kung'ang'ania upande wa nyuma. Huyu namvulia kofia. Hutaga mayai chura anapoingia majini kuzaliana, kisha mabuu yake hujishika kwenye matamvua ya viluwiluwi. Mara nyingi utamkuta mmoja au wawili tu, kwa hiyo ukikitoboa kibofu kwa pupa, ameshakwenda na mkojo.

Kwenye sahani, maji ya bomba hapana: minyoo huvimba na kupasuka. Chumvi ya dripu ya hospitali, asilimia 0.9, nayo ni kali mno kwa chura. Changanya gramu 6 hadi 7 za chumvi kwa lita ya maji. Minyoo duara waue kwa alkoholi ya asilimia 70 iliyopashwa moto, wanyooke. Kwenye alkoholi baridi hujikunja kama waya uliotupwa. Ipashe ndani ya maji ya moto, si juu ya jiko. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, iepuke kama unataka kusoma DNA baadaye.

Vibali ni vya UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) na UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), kisha mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Watu wenye tochi na gamboti kinamasini saa nne usiku hawaeleweki kirahisi. Gamboti zenyewe zivaliwe, kichocho kipo, na zisafishwe kwa dawa kabla ya kuhamia bwawa jingine, msije mkawabebea vyura kuvu wa ngozi.

Chura asiye na mnyoo naye aandikwe: sifuri, kiungo kwa kiungo. Lebo iwe ya penseli, ndani ya kichupa. Wino huyeyuka kwenye alkoholi, na hilo nalo nililijua nikiwa na vichupa kumi na vinne visivyo na majina.