Binti amepangiwa shule ya mchanganyiko, nimuache nyumbani?

SWALI: Assalam alaykum sheikh. Binti yangu kafaulu la saba, kapangiwa shule ya kata, wavulana na wasichana pamoja, kilomita kama sita kwa miguu. Msikitini nimeambiwa ni haramu, bora akae nyumbani mpaka nipate hela ya bweni la wasichana, na kwamba wasichana wakiwa peke yao ndo wanafaulu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, mtoto asikae nyumbani. Nimeanza na hilo maana ndo limenikosesha raha, hiyo hela ya bweni unaweza kuitafuta miaka mitatu na mtoto keshaolewa.

Kutenganisha kuna asili, sikatai. Wanawake walimwambia Mtume (s.a.w) wanaume wametuzidi kwako, tutengee siku yetu, akawatengea na akawafundisha, iko kwa Bukhari. Ila wanawake haohao walikua wanaswali msikiti mmoja na wanaume, safu zao nyuma, bila ukuta katikati. Wapo masheikh wanaokataza mchanganyiko moja kwa moja na nawaheshimu, mimi naona kilichokatazwa ni faragha ya wawili na kuacha heshima ya macho na mavazi, sio kukaa darasa moja na mwalimu yuko mbele.

Kuhusu kufaulu, watu wanakutajia Kilakala, Msalato, Tabora Girls. Wanafaulu kweli, lakini zile ni shule za vipaji, wanaenda waliopata alama za juu kabisa, utalinganishaje na shule ya kata inayopokea kila mtu? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 184 za nchi 21 kuhusu shule za jinsia moja na za mchanganyiko, wakakuta ukilinganisha watoto wa hali moja tofauti ni ndogo mno. Seoul, kule Korea Kusini, ambako watoto walikua wanapangiwa shule kwa bahati nasibu, wa shule za jinsia moja walifanya vizuri zaidi kidogo, kwaiyo ukipata ya wasichana karibu na unaiweza, mpeleke.

Mimi kinachonitisha kwenye barua yako sio wavulana wa darasani, ni hizo kilomita sita. Asubuhi giza, jioni kachoka na njaa, anatokea wa bodaboda anampa lifti leo, kesho anamnunulia chipsi, na hapo hamna mwalimu wala mzazi. Faragha yenyewe ndo hiyo! Tafuta wenzake watatu wanne watembee kundi moja, au umpatie baiskeli, au akae kwa shangazi aliye karibu na shule kama yupo na unamuamini. Nenda shuleni mwenyewe kaangalie vyoo vya wasichana, muulize mwalimu wa malezi ni nani. Ada ya serikali haipo tangu 2016, hela ya bweni weka kwenye baiskeli na sare yenye sketi ndefu na hijabu.

Na kama una kijana wa kiume sekondari, Suratun Nur aya ya 30 imeanza na wanaume kuinamisha macho kabla ya wanawake, kaa nae umsomee.

Wallahu aalam.