Neno Alilolitafuta Mteja Linatosha

Kazi yangu ni kusimamia matangazo ya wafanyabiashara wadogo kwenye injini za utafutaji, na ushauri ninaowapa wateja wapya huwashangaza wengi: acheni kukusanya habari za watu. Mtu akishaandika anachokitaka, hamhitaji kujua ana miaka mingapi wala jana alipita wapi.

Ndivyo biashara hii ilivyoanza. Mwaka 1998 Bill Gross alianzisha GoTo, injini ya utafutaji ambako wafanyabiashara walishindania maneno kwa mnada na kulipa pale tu tangazo lilipobofywa. Google ikaleta AdWords, huduma yake ya matangazo, mwaka 2000, kisha ikaanza kupima ubora wa tangazo pamoja na dau, ili mwenye pesa nyingi asishinde kwa pesa peke yake. Mnada wa namna hiyo hauna haja na maisha ya mtu. Ameandika "fundi bomba", basi mwonyeshe fundi bomba.

Ukitaka kuona uzito wa maneno hayo, fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, ile inayomwonyesha mwenye tangazo watu waliandika nini hasa kabla ya kuliona. Niliwahi kusimamia matangazo ya mshauri wa masuala ya madeni. Tulilipia maneno ya kawaida kama "ushauri wa madeni", lakini kwenye ripoti kulikuwa na mstari huu: "nimwambieje mke wangu tumepoteza nyumba". Jina halikuwepo, na sikulihitaji. Huyo ni mtu aliyeiambia mashine jambo ambalo bado hajamwambia mkewe. Kumfuata kwa wiki nzima na tangazo la madeni kila tovuti anayoingia, pengine kwenye kompyuta anayotumia pamoja na huyo mke, ni ukatili, hata kama mfumo unaruhusu.

Kwa hiyo kwenye mambo ya afya, madeni, ndoa na sheria, mimi siweki kabisa matangazo ya kuwafuata waliotembelea tovuti, wala sipandishi orodha ya barua pepe za wateja ili mfumo uwatafute. Muda huo nautumia kwenye maneno. Chagua ulinganifu kamili, yaani tangazo litokee tu mtu akitafuta neno hilo au lenye maana ileile, kwa maneno yanayokuletea wateja, pitia ripoti kila wiki, na kila neno lisilohusiana na biashara yako liweke kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, ili tangazo lisitokee mtu akiliandika. "Bure", "ajira" na "maana ya" humaliza bajeti za watu wengi kimyakimya. Ni kazi ya kuchosha, lakini katika akaunti ninazozisimamia hakuna kinachookoa pesa kuishinda.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kwa dhati. Septemba 2020 Google ilianza kuficha kwenye ripoti hiyo maneno yanayotafutwa na watu wachache, sababu ikitajwa kuwa ni faragha. Ningeikubali sababu hiyo kwa moyo mweupe kama na yenyewe isingeyaona. Lakini inayaona, inayatumia kuongoza mnada, na mbofyo wake unaulipia wewe. Ni kama kulipia gunia usiloruhusiwa kulifungua. Faragha inayomzuia mwenye duka na kumwacha mwenye mtambo aone kila kitu, mimi naiona kuwa ni mamlaka tu.

Mamlaka hayo yanaonekana pia kwenye mipangilio. Ukiunda kampeni mpya, mara nyingi utakuta kisanduku cha kupeleka matangazo kwenye tovuti za washirika kimeshawekewa tiki. Kitoe. Halafu kuna ile alama ya asilimia inayodai kupima jinsi unavyoiendesha akaunti, na mapendekezo yake mengi yanaelekea kwenye kuongeza bajeti au kulegeza ulinganifu wa maneno. Alama hiyo hupanda hata ukiyakataa mapendekezo, kwa hiyo yakatae bila wasiwasi.

Wengine huniuliza kwa nini wasihamie injini nyingine. Jaribuni, ila mjue hali ilivyo. Agosti 2024 jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha kuwa mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe ndiyo injini unayoikuta tayari kwenye simu na vivinjari. Septemba 2025 jaji huyo alikataza mikataba ya kuwafungia wengine nje, lakini malipo yenyewe hakuyapiga marufuku. Watu wengi hawabadilishi walichokikuta, na ndiyo maana ninawashauri wateja wangu wasitegemee mlango huo mmoja. Mteja akinunua, muombe ruhusa ya kuwasiliana naye moja kwa moja, chukua anwani yake tu, na usimuulize kingine.

Kwa wewe unayetafuta, usijifariji kwamba jina lako halimo. Agosti 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilitoa hadharani rekodi za utafutaji zipatazo milioni 20 za watumiaji zaidi ya 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa The New York Times walimfikia mwanamke mmoja kwa kufuata tu mambo aliyokuwa akiyatafuta.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, uweke historia ya utafutaji ijifute baada ya miezi 3, kisha uzime matangazo yanayokulenga wewe binafsi. Maswali ya ugonjwa, pesa na ndoa yatafute ukiwa umetoka kwenye akaunti, kwenye injini isiyotunza historia, kama DuckDuckGo. Dirisha la faragha la kivinjari huficha historia kwa wanaotumia kifaa hicho tu. Tovuti unazoingia na kampuni inayokupa intaneti bado zinaweza kukuona, na mwaka 2024 Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi ili kumaliza kesi iliyohusu dirisha hilohilo kwenye Chrome.