Maswali na majibu: Je, kani za asili zilizaliwa na mtetemo?

Swali (mwalimu wa sekondari, Mbeya): Mwanafunzi wangu amesoma kwamba kani zote nne za asili zimetokana na resonansi. Nimjibu nini?

Jibu: Mjibu kwamba ametanguliza mtoto mbele ya mama. Resonansi hutokea pale kitu kinaposukumwa kwa kwenda sambamba na mtetemo wake wa asili, kama pembea inayosukumwa kila inaporudi, na pembea hairudi bila kani mvutano. Kwa hiyo kani lazima iwepo kwanza. Kuhusu asili ya kani zenyewe, lililothibitika ni kwamba kani ya sumakuumeme na kani dhaifu ya nyuklia zina shina moja, na kwa nadharia hiyo wanafizikia Glashow, Weinberg na Abdus Salam walitunukiwa Nobeli mwaka 1979. Kani kubwa ya nyuklia na kani mvutano hazijaunganishwa nazo kwa ushahidi wowote wa maabara.

Swali (mwanachuo, Iringa): Mbona basi wanafizikia wa chembe hulitaja neno hilo kila mara?

Jibu: Kwa sababu chembe nyingi huoza, yaani hugeuka chembe nyingine, kabla hazijaacha alama. Elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) zikigonganishwa huku nishati ikipandishwa kidogo kidogo, idadi ya migongano yenye matokeo hupaa ghafla penye nishati fulani, kisha hushuka. Kilele hicho, alama ya chembe iliyozaliwa na kuoza papo hapo, ndicho wakiitacho resonansi. Chembe Z, mojawapo ya zinazobeba kani dhaifu, ilipatikana CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mwaka 1983, na kuanzia 1989 kilele chake, kilichopo karibu na GeV 91 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), kilipimwa kwa uangalifu mkubwa. Upana wake ulionyesha kwamba nyutrino nyepesi, chembe ndogo zisizo na chaji, ziko za aina tatu tu, na sijui mfano mzuri zaidi wa mchoro mmoja kueleza mengi kiasi hicho.

Swali (mpiga ligombo, Iringa): Na kwenye ligombo, ala yangu ya nyuzi, resonansi ya kibuyu inaongeza nguvu ya nyuzi?

Jibu: Hapana. Uzi ni mwembamba mno kuisukuma hewa, hivyo kibuyu huupokea mtetemo wake na kuutoa kwa eneo pana zaidi.

Swali (muuza mkaa, Njombe): Resonansi yanihusu nini mimi?

Jibu: Sana. Kaboni iliyomo katika mkaa wako ilipikwa ndani ya nyota kwa viini vitatu vya heli kuungana, jambo ambalo lingekuwa adimu mno kama kiini cha kaboni kisingekuwa na resonansi, yaani kiwango cha nishati kinacholingana na muungano huo, penye MeV 7.65 hivi (MeV ni sehemu ya elfu ya GeV). Mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle aliibashiri kabla haijathibitishwa maabara nchini Marekani, mwaka 1953, kwa hoja kwamba kaboni ipo tele, hivyo sharti njia ya kuipika iwepo.