MUULIZE FUNDI: Gari ya rimoti inapinduka kwenye mwamba, nibadilishe springi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Tororo, nina Axial SCX10 II, ile gari ya rimoti ya kipimo cha 1 kwa 10 ya kupanda mawe. Ilikuwa inapanda vizuri tu ila nikaona iko chini chini, tumbo linagusa mawe kila saa, basi nikatoa shokapu zake za mm 90 nikaweka za mm 110 na springi laini kabisa ili magurudumu yacheze. Sasa imesimama juu inapendeza kweli lakini ikifika penye mwinuko inainua pua inaanguka chali, na nikivuta triga ya rimoti iende bodi inalala upande mmoja. Rafiki zangu wanasema niweke springi ngumu nyuma. Nifanyeje?
Msomaji, Tororo

JIBU: Ndugu yangu wa Tororo, hiyo pesa ya springi iweke mfukoni kwanza. Hizo shokapu za mm 110 zitoe, rudisha zako za 90, halafu tuongee. Najua inauma maana umezinunua na gari inapendeza ikiwa imesimama juu, lakini ugonjwa wote ulioniandikia umeanzia hapo.

Ukiinua gari, uzito wote wa betri, mota na bodi unapanda juu nao, kwa hiyo pale ambapo zamani ilikuwa inang'ang'ania sasa inaanguka. Hilo watu wengi wanalielewa. Lisiloonekana haraka ni zile lingi za nyuma, zile fimbo nne zinazoshika ekseli na chasisi. Ilivyokuwa chini, lingi za chini zilikuwa zimelala karibu sawa na ardhi, sasa umeinua chasisi zimesimama, na zikisimama hivyo kila ukivuta triga ekseli inajisukuma chini ya gari na kunyanyua sehemu ya nyuma, shokapu zinafunguka, bodi inapanda juu zaidi wakati huohuo uko mlimani, pua inapoteza uzito na safari imeisha. Ukiweka springi ngumu nyuma utakuwa umeinua nyuma hata zaidi na hizo lingi zitabaki vilevile zilivyosimama. Kama chasisi yako ina matundu zaidi ya moja ya kufungia lingi ya juu, jaribu kupandisha ule mwisho wa upande wa chasisi tundu moja, utaona inatulia.

Na tumbo kugusa mawe usiliogope hata kidogo. Ile sahani chini ya giaboksi iliwekwa iteleze juu ya jiwe. Gari iliyo chini inayoteleza kwa tumbo inapita mahali ambapo iliyo juu inapinduka, nenda kaangalie watu wanaoshindana, magari yao mengi yamechutama.

Sasa kupima. Weka gari chini kwenye sakafu ikiwa na betri na bodi yake, isukume chini kwa mkono halafu iachie ijikalie yenyewe. Angalia ule mti wa shokapu unaong'aa: kama umetoka wote nje, springi ni ngumu au umekaza sana ile ringi ya kwenye shokapu inayobana springi. Unataka kama theluthi moja mpaka nusu ya huo mti iwe imeshaingia ndani gari ikiwa imesimama tu. Kwa nini? Kwa sababu kwenye mawe gurudumu linahitaji kushuka kwenye shimo kuliko linavyohitaji kupanda, na kama shokapu imeshafunguka mpaka mwisho haina pa kushukia, gurudumu linaning'inia hewani linazunguka bure. Na hiyo ringi ya kukaza, wengi wanafikiri inafanya springi iwe ngumu, hapana, inapandisha gari tu, ugumu wa springi ni uleule. Ukitaka ugumu tofauti badilisha springi yenyewe, au badilisha mlalo wa shokapu: ikilala inakuwa laini, ikisimama inakuwa ngumu.

Bodi kulala upande mmoja ni kitu kingine. Propela, ile fimbo inayopeleka nguvu ya mota, ikizungusha ekseli, nguvu hiyohiyo inarudi kwenye chasisi inaisukuma ilale, na kwa vile springi zako ni laini kabisa hakuna cha kuizuia. Magari kama Traxxas TRX-4 yana gia ndogo nje karibu na kila gurudumu, kwa hiyo propela haibebi nguvu nyingi na bodi hailali sana. Yako ekseli zake ni za kawaida, italala kidogo siku zote, kubali hivyo. Weka springi za wastani, halafu ule upande unaozama kaza ringi ya nyuma mzunguko mmoja au miwili, ujaribu, uongeze kidogo kama bado.

Cha mwisho kwako, na kwangu mimi hiki ndo kikubwa kuliko shokapu zote: uzito uende mbele na chini. Chukua mizani ya jikoni, weka magurudumu ya mbele juu yake, ya nyuma yaweke juu ya vitabu mpaka gari ikae sawa kabisa isiiname, andika namba, halafu geuza upime nyuma. Kama mbele inabeba asilimia 60 hivi ya uzito wote uko pazuri. Kama ni nusu kwa nusu, hamisha betri mbele. Ikibaki kidogo nenda kwa vijana wa tairi hapo barabara ya Malaba, waombe vile vipande vya balansi vya kubandika, ubandike ndani ya rimu za mbele, kwenye rimu mbili uweke sawasawa. Huko chini uzito haulemei springi kabisa na unakandamiza tairi kwenye jiwe. Usibandike kwenye chasisi wala juu ya bampa.

Halafu ombi moja maana wa upande wenu mnapenda kwenda Nyero kule Kumi: mawe ya kuchezea yako mengi sana, ila pale kwenye michoro ya kale tafadhali gari isifike, tairi na vumbi ni adui wa kile kitu na hakuna wa kukichora tena.

SWALI: Fundi, oili ya shokapu zangu imevuja. Naweza kujaza ile ya shokapu ya boda? Inapatikana kila mahali hapa.
Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana dada, usiweke. Ile imetokana na mafuta ghafi ya ardhini, inavimbisha zile ringi ndogo za mpira ndani halafu mti unaanza kukwama na kuvuja tena. Tafuta silikoni, namba 30 inatosha kwa gari ya mawe, au kama chupa imeandikwa cSt, kipimo cha uzito wa oili, tafuta karibu 350, na hizo cSt ndo za kuamini zaidi maana namba za kampuni hazifanani. Ukijaza usifunge haraka. Vuta mti chini, jaza karibu mpaka juu, upandishe na kushusha polepole utaona vipovu vinatoka kwenye pistoni kama uzi mwembamba, simamisha shokapu kwenye kikombe uiache mpaka vipovu viishe, ndo ufunge. Na kabla ya yote futa mti kwa kitambaa kisafi, ule udongo mwekundu wetu ukibaki pale ndo unaokata mpira.

SWALI: Gari yangu mbele ina lingi tatu na fimbo ya panhard, ile inayopita kimshazari kutoka chasisi kushika ekseli isiende pembeni. Nikiibonyeza chini magurudumu yanakata kona yenyewe bila mimi kugusa rimoti. Servo, ile mota ndogo ya kukata kona, imekufa?
Msomaji, Arua

JIBU: Servo nzima hiyo, usiibadilishe. Simama mbele ya gari uchungulie: ile fimbo ya panhard na ile rodi inayotoka kwa servo kwenda kwenye gurudumu zinatakiwa zilale sambamba na urefu wake ukaribiane. Zikipishana, ekseli ikipanda kila moja inavuta kwa njia yake na magurudumu yanageuka. Sogeza mwisho wa fimbo moja, tundu juu au chini, au ongeza washa, zile pete nyembamba za chuma, mpaka ukiziangalia kwa mbele zifuatane, halafu bonyeza tena gari chini uangalie tairi.